Saa ya Maswali Chumbani kwa Kunegunda

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bati linapiga kelele, kwa hiyo nimeisogeza redio mpaka kwenye mto wa Kunegunda. Bunge la bajeti limeanza leo Dodoma. Saa tatu asubuhi kipindi cha maswali kikafunguliwa, na baada ya swali la barabara na la maji likaja swali la mafuta, ambalo ni la wizara ya binti yetu. Waziri mwenyewe yuko nje ya nchi anatafuta mkopo, hivyo akasimama Naibu Waziri. Sauti ile ile iliyokuwa ikisoma somo la kwanza kanisani kwetu ikasema, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu."

Kunegunda akafumba macho, akaitikia, "Haya, mwanangu."

Mwezi uliopita daktari alituambia kwamba ini la mke wangu limeharibika na hakuna la kufanya. Alisema tumtunze nyumbani, tumpe dawa za maumivu, na tuwaite watoto. Mtoto tunaye mmoja tu, Rosemary, ambaye tunamwita Rozi. Siku ile ile Kunegunda akaniapisha nisimwite mpaka bajeti ipite, mwisho wa Juni. Alisema nchi haina dola, mafuta hayanunuliki, na mtoto wake ndiye aliyewekwa mbele kujibu. Akiondoka sasa, watasema amekimbia maswali. Nikakubali. Tangu hapo najiuliza jambo moja tu kila ninapoamka, kama Juni itamkuta mama yake.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Rozi hakuulizwa kitu leo. Kunegunda hakula.

Jumapili, 7 Aprili

Rozi hupiga simu Jumapili baada ya misa. Leo Kunegunda alianza kujiandaa mapema. Aliniomba nimwinue, nimwekee mito mgongoni, nimpe maji ya moto yenye chumvi asukutue. Kisha akajaribu sauti: "Halo. Halo, mama." Ya kwanza ilikuwa nyembamba, akaikataa kwa kichwa. Ya tatu ikamridhisha. Simu ilipolia akacheka, akamuuliza Rozi kama anakula, akalalamika kuhusu jirani aliyeacha mbuzi wale mchicha wetu. Mbuzi hao walikula mchicha mwaka jana.

Baada ya kukata simu alilala mpaka jioni kama mtu aliyetoka kulima.

Nami Rozi aliniuliza, "Baba, mama anaendeleaje?" Nikasema, "Anaendelea vizuri."

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefundisha somo la Uraia zaidi ya miaka thelathini, na sasa nina mwanafunzi mmoja, naye yuko kitandani. Leo aliniuliza Rozi anayajuaje majibu yote yale. Nikamweleza. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi. Wizara inauliza mkoa, mkoa unauliza halmashauri, halmashauri inamuuliza ofisa aliye karibu na jambo lenyewe. Jibu hupanda kwa ngazi zile zile mpaka mezani kwa Naibu Waziri, naye hulisoma. Lakini mbunge anaruhusiwa kuuliza swali la nyongeza papo hapo, na hilo halina karatasi. Hapo ndipo unapomwona mtu mwenyewe.

Kunegunda akafikiri kidogo. "Kwa hiyo yeye anajua yale tu anayoambiwa."

"Ndiyo."

"Basi wamwambie vizuri," akasema, akageukia ukutani.

Alhamisi, 18 Aprili

Dizeli imekwisha mjini. Stumai, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, amefunga mlango wa mashine yake kwa kamba. Hapa mtaani Lizaboni tangu jana inasikika michi ikigonga kwenye vinu, sauti niliyodhani imeshaondoka na mama yangu.

Stumai ni Myao wa Tunduru, alikuja Songea akiwa mke wa mfanyabiashara na akabaki akiwa mjane. Ana ulimi. Leo alisimama kwenye ua wangu wa mianzi, nyuma yake wanawake wenye ndoo za mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nina swali la nyongeza." Wanawake wakaanza kucheka. "Hayo mafuta ya kutosha aliyotutangazia Mheshimiwa jana, yako mtaa gani? Nitume mtu na dumu."

Nikaanza kueleza kuhusu dola, kuhusu meli zinazosubiri nje ya bandari mpaka zilipwe, kuhusu umbali wa Songea kutoka pwani. Nilieleza vizuri. Nilipofika mwisho nikajisikia nasema, "Jambo hili linashughulikiwa." Stumai akanitazama kwa huruma, akasema, "Ahsante, Mheshimiwa," akaondoka na watu wake.

Jumapili, 21 Aprili

Simu. Sauti ilifanikiwa mara ya nne. "Anaendelea vizuri."

Jumanne, 30 Aprili

Mvua za mwisho, nadhani. Ukungu umekaa mpaka saa nne.

Nimegundua kwamba mimi na Kunegunda hatusikilizi redio moja. Mimi nasikiliza jibu. Yeye anamsikiliza Rozi. Leo mbunge mmoja alimbana kuhusu foleni za petroli, na Rozi akamshukuru sana kwa swali zuri. Nikasema moyoni, huyu hana jibu. Kunegunda akasema, "Ana mafua. Na viatu vinambana, sikia anavyosimama." Nikamwambia redio haina miguu. Akasema mimi nimesoma sana ndiyo maana sisikii.

Tumbo lake limejaa. Kitenge kinafungwa kwa pini.

Jumatatu, 6 Mei

Umeme wa mgao. Nimenunua betri dukani Majengo. Bei yake nisiiandike.

Jumatano, 15 Mei

Leo nimemkasirikia binti yangu, na niandike kwa nini.

Mahindi yamekauka na watu wameanza kuvuna. Aidan, mdogo wake Kunegunda, anayetulimia shamba letu, alikuja kwa miguu kutoka shambani na gunzi la mahindi mfukoni anionyeshe: limeanza kuota fangasi kwa kukaa shambani bila gari la kuyabeba. Tukaketi wote watatu chumbani kusikiliza. Mbunge wa mkoa mwingine akauliza Serikali ina mpango gani wa kupeleka dizeli kwa wakulima wa kusini. Rozi akajibu kwamba kwa taarifa zilizopo, mikoa ya kusini ina akiba inayotosheleza, na uvunaji unaendelea vizuri.

Aidan aliliweka gunzi juu ya redio, polepole, kama anayemwonyesha mtu. Akaniambia, "Shemeji, huyu si mtoto tuliyembeba mgongoni?"

Nilikuwa nataka kuivunja redio. Mtoto huyu nilimfundisha mwenyewe kwamba kiongozi anajibu kwa kile kilichopo, si kwa kile alichoandikiwa. Alizaliwa nyumba hii. Analijua shamba hili na njia yake. Angeinua simu akauliza mtu mmoja tu wa Songea.

Kunegunda alinisikia ninavyopumua. Akasema, "Anauliza. Kila Jumapili anauliza."

Nikatoka nje nikafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Alhamisi, 16 Mei

Sikuandika vizuri jana. Niseme wazi. Yule ofisa wa hapa aliyepeleka taarifa kwamba akiba inatosha, sidhani kama ni mtu mbaya. Nadhani alifikiri: wakubwa wana mambo mengi, nisiwaongezee. Hayo ndiyo mawazo yangu pia ninaposhika simu Jumapili. Mimi na yeye tunafanya kazi moja.

Nimeliona hilo leo asubuhi wakati namwosha mke wangu miguu. Nimeliona, lakini sijafanya lolote.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Kunegunda alishindwa kufika kwenye sauti yake. Tulimwambia Rozi amekwenda kanisani, ibada ndefu ya sikukuu.

Jumapili, 26 Mei

Hili nitaliandika lote.

Simu ililia saa saba. Kunegunda aliongea kidogo, akanirudishia. Nikatoka nayo uani, maana Rozi aliomba tuongee sisi wawili. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Baba, sauti ya mama imepungua. Anaumwa?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kinu. Stumai alikuwa upande wa pili wa ua anaanika dagaa, akaacha kuanika. Nikamwambia Rozi, "Ni baridi. Unaijua Songea ikikaribia Juni."

"Ni baridi tu?"

"Ni baridi tu, mama."

"Maana wiki hii ningeweza kuomba ruhusa. Siku mbili. Waziri amerudi."

Niliangalia dirisha la chumba. Pazia lilikuwa limefungwa. Ningesema njoo. Ni neno fupi sana. Badala yake nikamwambia afanye kazi, tuko salama, atukute bajeti ikipita. Akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Ahsante, Baba. Nilikuwa silali."

Nilipokata simu, Stumai aliniambia kwa sauti ya chini, bila mzaha safari hii, "Mwalimu, huyo mtoto kakuuliza." Nikamwambia kwamba Kunegunda ndiye aliyetaka hivyo. Akasema, "Mgonjwa anataka mengi," akarudi kwenye dagaa wake.

Jumatano, 29 Mei

Baridi ya kweli imeingia, kana kwamba inataka kunitetea.

Jumanne, 4 Juni

Kunegunda halii wala halalamiki, anahesabu maswali. Akisikia Rozi amejibu, anasema, "Limepungua moja." Dawa zinamlaza mchana. Aidan amehamia hapa, analala sebuleni. Anamgeuza dada yake kitandani kwa mikono ya mtu aliyezoea kubeba ndama. Nimejifunza kutoka kwake kwamba usimvute mgonjwa. Unaweka mkono chini na kumsubiri.

Jumapili, 9 Juni

Nilimwambia Kunegunda, "Nimpigie aje." Akafumbua macho. Aliuliza leo ni tarehe ngapi, nikamtajia. Akasema, "Bado kidogo tu. Usiniharibie." Rozi alipopiga simu, mama yake alisema maneno matatu, kwa sauti yake ya zamani kabisa. Sijui aliitoa wapi.

"Kula vizuri, mwanangu."

Jumanne, 11 Juni

Saa tatu niliwasha redio kama kawaida. Umeme haukuwepo, nilitumia betri. Aidan alikuwa jikoni anapika uji wa ulezi. Nikamwinua Kunegunda kidogo, akaniegemea kifuani, tukawa tunasikiliza wote, mimi nyuma yake.

Kulikuwa na swali la zahanati, halafu la pembejeo. Kisha ikaitwa wizara yao. Rozi akasimama. Alikuwa amepona mafua.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu."

Nikasubiri "haya, mwanangu."

Nilisubiri mpaka Rozi akamaliza aya ya kwanza ya jibu. Nikatazama mkono wa Kunegunda uliokuwa juu ya wangu. Nikamwita jina. Nikamwita tena, lile jina la utotoni ambalo kwao walimwita kabla ya ubatizo. Aidan alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akaelewa.

Rozi aliendelea kuzungumza. Kulikuwa na swali la nyongeza, na jingine. Aidan alinyoosha mkono azime redio, nikamzuia. Simu ya Rozi huzimwa wakiwa ndani ya ukumbi, nisingeweza kumpata, na sikutaka sauti yake iondoke chumbani kabla ya wakati. Kwa hiyo tulikaa hivyo sisi watatu, na mtoto wetu akawajibu watu wote waliomuuliza siku ile, kwa upole, bila kukosea, hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza aliwashukuru, akaketi. Ndipo nilipomlaza mama yake chini.

Nilimpata Rozi kwa simu saa nne na nusu. Nilimwambia tu, "Mama yako amefariki." Aliuliza, "Ajali?" Hakuweza kufikiria kitu kingine.

Ijumaa, 14 Juni

Tumemzika Kunegunda leo.

Magari ya Serikali yalikuja mengi, na watu wa mtaa waliyatazama yote, na matangi yake ya mafuta pia. Stumai alipika na wanawake wenzake tangu alfajiri, kwa unga wa kinu. Alipomwona Rozi akimlilia mama yake mlangoni, alimshika akamwambia, "Pole, mama, pole," akamfuta uso kwa ushungi wake mwenyewe. Chuki ya dizeli sikuiona popote.

Kwetu, baada ya misa na kabla ya kwenda kaburini, msemaji wa upande wa marehemu husimama na kueleza alizaliwa wapi, aliolewa lini, na mwisho jinsi alivyougua mpaka kufa kwake. Sehemu ya ugonjwa hairukwi. Watu wanataka kujua mwenzao aliuguzwa, hakutupwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Aidan. Nami katika siku tatu za kupokea watu, kutafuta turubai na kuwaandalia wageni mahali pa kulala, sikukumbuka kumwonya. Au nilikumbuka nikanyamaza. Sijui, na leo si siku ya kujitetea.

Aidan hakushika karatasi. Alivua kofia akasema, "Dada yangu alianza kuumwa kabla ya Pasaka. Mwezi wa tatu daktari alituambia ini limekwisha, akasema tuwaite watoto. Shemeji yangu amemuuguza vizuri sana, mchana na usiku, hakuchoka. Tunamshukuru mbele yenu."

Watu wakaguna kwa kunipongeza. Rozi alikuwa ameketi mstari wa mbele, kati ya mkuu fulani na mke wake. Aligeuza kichwa akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa ule wa mtoto wa darasa la kwanza aliyeulizwa kitu ambacho hakufundishwa.

Jumamosi, 15 Juni

Nilimkuta asubuhi ameketi kwenye kitanda cha mama yake, redio ndogo mapajani. Amevua kilemba. Nywele zimeanza mvi, na sikuwa najua.

"Ulijua tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Kila Jumapili nilikuuliza."

Nikasema, "Mama yako ndiye aliyetaka..."

"Sikuulizi mama alitaka nini, Baba. Nauliza wewe uliniambia nini."

Nikavuta kigoda. Nikaanza kumweleza: jinsi mama yake alivyoniapisha, hofu ya watu kusema amekimbia, yule ofisa wa akiba ya dizeli ambaye nilimwelewa kuliko wote. Nilikuwa na mengi, nimekuwa nayapanga kichwani tangu Jumanne. Rozi aliinua kiganja.

"Usinieleze," akasema. "Leo usinieleze."

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, na nimefundisha maelfu. Nilibaki nimeketi. Kisha akauliza mama yake alikuwa anasema nini wakati wa kusikiliza, maana Aidan amemwambia walikuwa wanasikiliza. Hilo nililijibu. Nilimwambia ukisimama alikuwa anaitikia, haya, mwanangu. Kila mara.

Akaishika ile redio kwa mikono miwili, akalia kama hakuwa amelia jana.

Jumatatu, 17 Juni

Amerudi Dodoma kabla jua halijapanda. Aliniamkia, akapiga magoti kama alivyolelewa, nikamwekea mkono kichwani. Hakuniuliza naendeleaje.

Alhamisi, 20 Juni

Baridi. Aidan amepata mkokoteni wa ng'ombe, mahindi yanakuja kidogo kidogo. Nusu yametupwa.

Jumapili, 23 Juni

Simu haikulia.

Jumatano, 26 Juni

Sikutaka kuwasha redio. Stumai alikuja mwenyewe na yake, akaiweka juu ya ua wa mianzi, akasema mashine imefungwa, hana kazi nyingine. Wanawake wakakusanyika.

Mbunge yule yule wa mwezi uliopita alirudi na swali lile lile, dizeli na mavuno ya kusini. Rozi alisimama. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu." Midomo yangu ilijaribu kuitikia, nikashindwa. Alisoma jibu la msingi: akiba inatosheleza, uvunaji unaendelea vizuri. Sauti yake ilikuwa kavu. Mbunge akasimama na nyongeza, akauliza kama Naibu Waziri anaiamini taarifa anayoisoma.

Nilisubiri amshukuru kwa swali zuri. Hakumshukuru.

"Mheshimiwa Spika, taarifa niliyopewa inasema hali ni nzuri. Siiamini. Nimetoka Songea wiki iliyopita kumzika mama yangu, na nimeona mahindi yanaoza shambani, na watu wanatwanga. Naomba Bunge lako lisipokee jibu hili, nami nitakwenda kuuliza upya kwa macho yangu."

Kelele ya ukumbini ikaifunika redio. Hapa uani wanawake walisimama. Mmoja alipiga kigelegele, akakumbuka ni nyumba ya msiba, akaziba mdomo. Stumai alinipa mkono, akaniambia nimelea. Mchana kutwa watu wamepita kunipongeza, wengine kutoka mtaa wa Msamala. Wanasema huenda akaondolewa kwenye kiti, lakini amesema.

Nilipokea pongezi zote kwa adabu. Wao walisikia mtu aliyeacha kuiamini Serikali yake. Mimi najua taarifa nzuri ya kwanza aliyoacha kuiamini ilikuwa ya nani.

Jumapili, 30 Juni

Bajeti imepita. Hii ndiyo siku aliyokuwa anaihesabia Kunegunda.

Nilirudi kutoka misa nikaketi uani na simu gotini. Saa saba ikafika, ikapita. Kisha nikasikia simu ikilia ng'ambo ya ua, kwa Stumai. Akapokea. Nikamsikia anasema, "Marahaba, mama. Pole na kazi." Kisha akasikiliza muda mrefu. Akasogea mpaka kwenye mianzi, akanitazama kupitia nafasi, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kama anayepima kitambaa.

"Yupo," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Namwona hapa." Kisha akafunika simu kwa kiganja. "Mwalimu, ni Rozi. Anauliza unaendeleaje. Amesema nisikupe simu wewe, nimwambie mimi. Nimwambieje?"

Shati langu halijapigwa pasi tangu msiba. Asubuhi nilikula muhogo nusu, nikampa kuku uliobaki. Usiku bado nalala upande mmoja wa kitanda. Neno "vizuri" lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi.

"Mwambie unavyoniona," nikasema.

Stumai akaondoa kiganja, akaanza kusema, nami nikakaa pale pale ili aone vizuri.